Kidole cha Armance

Mchuuzi Cyprien hakuweza kuuza hata sindano bila kwanza kutoa habari za dunia nzima. Kila mwaka Pasaka ikishapita alifika Houssaie, kitongoji cha nyumba tisa pembeni ya msitu wa Bellême, akatua sanduku lake mezani kwa Gatien mchonga viatu vya mti, akadai bilauri ya mvinyo wa tufaha, ndipo akaanza. Nani kafa Mortagne, farasi wa nani kauzwa, binti wa nani kaolewa na kwa nini haraka vile. Gatien alimsikiliza kwa sikio moja huku akiendelea kuchimba tundu la kiatu.

"Na Solange je, hajambo?" Cyprien alimuuliza mke wa Gatien, akikonyeza jicho.

"Hajambo, yuko kabatini anapoa," alijibu Zélie bila kucheka. Utani huo ulikuwa na umri wa miaka thelathini.

Solange hakuwa mtu. Mwaka waliooana, Gatien alimchongea mkewe kalibu ya kupigia siagi chapa. Kusoma hakujua, kwa hiyo alimwomba padri amwandikie kwa mkaa herufi ya kwanza ya jina la Zélie, akaichonga kwenye mti vilevile alivyoiona, kwa uangalifu wote aliokuwa nao. Siku ya soko, bibi arusi alipofunua siagi yake, herufi ilikuwa imetoka kinyume, imeangalia upande mwingine, na wanawake waliojua kusoma wakaona S. "Huyu S ndiye nani?" akauliza mmoja. "Solange," akajibu mwenzake, na tangu siku ile soko zima la Bellême likawa linamuuliza Zélie habari za Solange, mke mwenzake anayekaa ndani ya siagi. Gatien alitaka kuchonga kalibu nyingine. Zélie alikataa katakata, kwa sababu siagi ya Solange ilikuwa inaisha sokoni kabla ya zote. Hata mtoto wao Armance, alipokuwa mdogo hajui utani ni nini, alikuwa akimwachia Solange kipande cha mkate kabatini.

Lakini jina la Armance lilikuwa halitajwi tena ndani ya nyumba hiyo, na Cyprien, kwa domo lake lote, alijua kulikwepa.

"Safari hii nina picha," alisema. "Si za watakatifu. Picha za watu wa shamba."

"Za watu wa shamba?" Gatien aliinua kichwa. "Nani ananunua uso wa mkulima? Nenda kisimani ukauone bure."

"Ndio fasheni ya Paris, Baba Gatien. Wachoraji wote wamehamia vijijini. Tajiri akiwa na sebule, anataka mle ndani awepo mkulima amechoka."

"Nikienda mwenyewe nimechoka, watanifungulia?"

"Wewe watakuachia mbwa. Ila ukiwa ndani ya fremu, watakukaribisha mpaka chumba cha kulia."

Zélie alikuwa anachagua sindano. Cyprien akakunjua karatasi moja, nyembamba, pana kama kitambaa cha kichwa, akaitandaza mezani na kuikandamiza pembe kwa vipande vya mbao. Akaeleza kwamba picha yenyewe, ile ya rangi, ilikuwa kubwa kama mlango na ilitundikwa Paris. Hii ilikuwa chapa yake tu. Fundi mmoja kaichonga juu ya kibao, kapaka kibao wino, kagandamiza karatasi, basi wanatoa mia kwa mia.

"Kachonga vizuri," alikiri Gatien. Kwa fundi mwingine wa mti hakuwa mchoyo wa sifa.

Ilikuwa picha ya mwanamke anayefunga miganda ya ngano. Alisimama peke yake mbele, mkubwa, uso nusu umo kivulini mwa kitambaa, kamba ya majani ya ngano ya kufungia ameibana kwa meno na mikono miwili imekumbatia mganda. Nyuma yake, mbali, wanaume watatu walikuwa wanafyeka kwa mafyekeo marefu, na nyuma ya hao hakukuwa na kitu, ila tambarare tupu na mbingu.

Sindano zikamwagika sakafuni. Zélie hakuziokota.

"Armance," alisema.

*

Ilikuwa inakaribia miaka minne tangu Armance aondoke. Julai ya mwaka wa vita vya Waprusi, kundi la wavunaji wa Houssaie lilikuwa linajiandaa kwenda nchi ya Beauce kuvuna ngano, kama kila mwaka, na Armance, mwenye miaka ishirini na miwili, alisema na yeye anakwenda. Gatien alisema haendi. Alikuwa na oda ya viatu kutoka Mortagne na alitaka mtu wa kuvikausha moshini. Armance akasema amekaushwa moshini yeye mwenyewe tangu azaliwe, inatosha. Gatien ni mtu mwema, majirani wote watakwambia, lakini akipandisha hasira mdomo wake hauna breki. Alisema: "Ukitoka mlango huu, usirudi mpaka nikuite."

Kundi likarudi Septemba bila Armance. Modeste, jirani yao, mfyekaji aliyeongoza mstari, ndiye aliyeleta salamu. Alisema msichana kabaki kwenye shamba moja huko kusaidia kupura. "Nilimwambia twende," alisema Modeste, akigeuzageuza kofia yake. "Akasema hajaitwa."

Gatien aliazimia amtese kidogo, amwite mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi Waprusi walikuwa wameshafika Beauce. Barabara zikafungwa, ndui ikaingia, na habari zilizokuja zilikuwa za vijiji kuchomwa. Amani ilipotangazwa Gatien alitembea siku tatu mpaka kwenye lile shamba alilotajiwa na Modeste. Akakuta dohani imesimama yenyewe, nyumba haipo. Watu aliowauliza walikuwa wageni, wakamwambia wanawake wa pale wengine walikimbia, wengine ndui iliwachukua, majina hakuna aliyeandika.

Alirudi akamweleza mkewe. Zélie alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa kuvaa nyeusi na akakataa misa ya wafu. Alisema mtoto wake hajafa mpaka aoneshwe. Gatien hakubishana. Alingoja wiki mbili, akachukua jozi ya viatu vizuri kuliko vyote alivyowahi kuchonga, akampelekea padri kwa siri, na padri akaisoma misa kimyakimya siku ya kazi, kanisani wakiwa wao wawili tu.

*

Sasa Gatien alikuwa ameinama juu ya karatasi.

"Ubanaji huo wa meno ni wangu," Zélie alikuwa anasema. "Mimi nilimfundisha. Watu wa Beauce wanabana kamba kwapani. Na kiatu, hebu ona kiatu, ncha imepinda juu. Nani Beauce anavaa kiatu cha ncha ya kupinda? Baba Armance, sema kitu."

Gatien hakuwa anaangalia kiatu. Alikuwa anaangalia mkono. Mkono wa mbele, uliokumbatia mganda, ulikuwa na kidole kidogo kifupi, kimeishia kwenye kiungo cha kwanza.

Kidole hicho alikijua kuliko alivyokijua chake mwenyewe. Armance alikuwa na miaka saba, kaegemea benchi, anamsimulia babake habari za Solange, na Gatien akacheka, akageuza uso kumtazama, na kisu kirefu cha kuchongea, kile kilichofungwa ncha moja kwenye benchi, kikashuka. Hakuna siku ambayo hakukitazama kidole kile mezani. Mtoto mwenyewe alisahau upesi, akawa anawatisha wenzake nacho. Baba ndiye hakusahau.

Gatien akasimama, akajigeuza kama alivyosimama yule mwanamke, akakumbatia hewa, mkono mmoja mbele. Akatazama picha, akatazama mkono wake. Akarudia tena. Cyprien alifikiri mzee amerukwa na akili.

"Ni wa kulia," alisema Gatien.

"Nini cha kulia?" aliuliza Zélie.

"Mkono. Huyu kakatika kidole cha mkono wa kulia. Wetu alikatika wa kushoto."

"Umesahau wewe."

"Nisahau mimi?" Aliuliza kwa sauti ndogo sana. "Mimi niliyekikata, nisahau?"

"Basi mchoraji kakosea."

"Mchoraji aliyeona kidole kimepungua nusu hawezi kukosea mkono, mke wangu. Ni mtoto wa watu. Beauce nzima ina wanawake waliokatwa vidole."

Cyprien, ili aonekane ana la kusema, akasoma maandishi yaliyopigwa mhuri chini ya picha: Mfunga Miganda, imechorwa Ormeville, nchi ya Beauce, Agosti mwaka jana. Zélie akamwomba asome tena. Kisha akachukua picha, akampa jozi ya viatu vipya bila kumuuliza mumewe, na Cyprien akaondoka siku hiyo bila kumaliza bilauri yake, jambo ambalo halijawahi kutokea.

*

Zélie aliitundika picha ukutani kwa misumari minne, karibu na kabati la siagi. Gatien aligeuza benchi lake ili akifanya kazi aipe mgongo.

Wiki tatu zikapita hivyo. Hawakugombana, ingawa ingekuwa afadhali wangegombana. Zélie alikuwa anaamka anaitazama, anakamua ng'ombe, anarudi anaitazama. Gatien alikuwa na hasira na mtu ambaye hamjui, huyo mchoraji wa Paris aliyeacha nchi nzima ya Ufaransa akaenda kumchora mwanamke mwenye kidole kifupi. Alikuwa ameshamzika mtoto mara moja, kimyakimya, kwa jozi ya viatu. Sasa ilimbidi amzike mara ya pili, na safari hii mkewe yupo anatazama.

Siku moja kabla ya soko, asubuhi, Modeste alikuja na kiatu kilichopasuka. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mgongo uliokwisha kupinda upande mmoja kwa miaka thelathini ya kufyeka. Zélie alikuwa mezani anapiga siagi chapa. Gatien alikuwa anapima ufa. Modeste, asiyejua aweke wapi macho yake katika nyumba ile, akayaweka kwenye picha, na baada ya muda akaanza kucheka.

"Kuna nini?" aliuliza Gatien.

"Hawa jamaa huku nyuma. Wametoka wapi?"

"Beauce, wanasema."

"Beauce wapi. Hawa wote wanafyeka kwa kushoto."

Gatien hakugeuka. "Na wewe umekuja kuniletea kiatu au kunichambulia picha?"

"Sikiliza, Baba Gatien. Katika maisha yangu nimemwona mfyekaji wa kushoto mmoja tu. Tulimpenda, mtu mzuri, lakini tulimweka mwisho kabisa wa mstari, peke yake, asije akamkata mtu miguu. Hawa wako watatu, wamefuatana, wote kushoto. Nani kawaajiri hawa? Na mafyekeo ya kushoto matatu wameyapata wapi? Mhunzi gani anayafua?"

"Basi mchoraji mjinga. Nilishasema."

"Aa, mjinga hapana." Modeste alisogea karibu, pua yake ikakaribia kugusa karatasi. "Huyu bwana kakaa shambani. Ona kisigino cha huyu wa kwanza. Ona kiuno. Ona huyu wa tatu anavyomsubiri wa pili amalize mkato. Mtu hawezi kutunga hivi. Kila kitu ni sawasawa, ila kiko upande usio wake."

Zélie alikuwa amegonga kalibu mezani na kuiinua. Siagi ilikuwa imetoka safi, ya manjano, na herufi juu yake imeangalia kinyume, kama ilivyofanya kila wiki tangu aolewe. Alibaki ameishika kalibu hewani.

"Gatien," alisema. "Njoo umwone Solange."

"Si wakati wa utani sasa."

"Njoo."

Kuna sauti ambayo mke haitumii zaidi ya mara tatu katika ndoa. Gatien aliweka kiatu chini akaenda.

Zélie aliweka kalibu mezani kando ya siagi, uso juu. "Hii uliichonga vipi?"

"Kama padri alivyoiandika. Mbona unanifufulia aibu mbele ya watu?"

"Na ikatoka vipi?"

Gatien aliinama mezani. Akatazama kalibu. Akatazama siagi. Kisha polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga alichobeba, akageuza shingo akatazama ukutani.

"Cyprien alisemaje?" aliuliza Zélie. "Hiyo picha imefanywaje?"

"Fundi kachonga kibao," alisema Gatien, na sauti yake haikuwa yake. "Kachonga kama alivyoona. Kapaka wino. Kagandamiza."

"Basi."

Alikuwa fundi wa mti tangu ana miaka kumi. Kosa hilihili alilifanya yeye mwenyewe, soko zima likamcheka kwa miaka thelathini, na likapita mbele ya macho yake wiki tatu asilitambue. Aliiendea picha, akaing'oa ukutani, misumari miwili ikabaki na pembe za karatasi. Akaipeleka dirishani, akaigeuza, mgongo wa karatasi ukawa upande wake, akaibandika kwenye kioo kwa viganja vyote viwili.

Ilikuwa karatasi nyembamba na jua lilikuwa nje. Picha ikajitokeza kwa nyuma, imefifia kidogo, na wafyekaji watatu walikuwa wanafyeka kwa kulia kama watu wenye akili zao.

"Ndio hivyo sasa," alisema Modeste nyuma yao. "Hao hata mimi naweza kwenda nao kazini."

Mwanamke aliyekuwa mbele alikuwa amekumbatia mganda kwa mkono wa kushoto, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kifupi. Uso wake umegeukia upande wake wa kweli, na sasa hata kivuli cha kitambaa hakikuweza kumficha. Alikuwa Armance. Alikuwa amenenepa kidogo.

Gatien alikaa palepale juu ya takataka za mbao, karatasi ipo mapajani, akalia kwa kelele, na katikati ya kilio akawa anacheka, na hakujali kwamba Modeste anamwona. Alihisi mwili mzima umekuwa mwepesi, kama siku homa inapomwacha mtu. Agosti mwaka jana. Agosti mwaka jana alikuwa hai, anafunga ngano, ananenepa.

Zélie hakulia. Alikaa kando yake, akamfuta makamasi kwa aproni.

"Nilimsomesha misa," Gatien alisema. "Ya wafu. Nilikuficha."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Padri alivaa viatu vipya mwezi mzima, vya ncha iliyochongwa maua. Ulidhani mimi sina macho?" Akamfuta tena. "Nilikuacha. Kila mtu ana namna yake ya kungoja."

*

Zélie hakuweza kusafiri, ng'ombe mmoja alikuwa karibu kuzaa. Alimfungia mumewe mkate, na kando akafunga donge la siagi kwenye jani la kabichi, akalizungushia kitambaa cha maji.

"Hii ya nini? Huko hawana siagi?"

"Ukifika, usihutubie. Maneno yako ndiyo yaliyotufikisha hapa. Mpe hii kwanza."

Njiani Gatien alihutubia hata hivyo, lakini peke yake. Alipata lifti ya mkokoteni wa mpeleka mbao mpaka Nogent, mengine akatembea, kwenye kila kijito akikilowesha kitambaa. Alikuwa amepanga hotuba ndefu, yenye msamaha mwanzoni, maelezo katikati na msamaha mwingine mwishoni. Nchi ya Beauce hakuipenda mara hii kama vile hakuipenda mara ile: mtu anatembea kutwa asikutane na mti wa kuchonga hata kijiko. Lakini ngano ilikuwa imeshafika magotini na ndege walikuwa wanaimba, na kila alipoingiza mkono kwenye begi akagusa karatasi iliyokunjwa, roho ilitulia.

Ormeville alielekezwa shamba la pili baada ya kanisa. Aliingia uani mchana. Mwanamke alikuwa kisimani anasugua ndoo za maziwa, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Kidole kilikuwa mahali pake, upande wake.

Aliinua uso, na brashi ikasimama.

"Baba," alisema.

Hotuba yote ikamtoka Gatien kichwani, mwanzo, kati na mwisho. Akavua kofia.

Armance hakumkimbilia. Alijifuta mikono kwenye sketi, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Mmejuaje nipo hapa?"

Akampa picha. Aliikunjua, akaitazama kwa muda, na pembe ya mdomo wake ikacheza.

"Wamenigeuza," alisema. "Yule bwana alinisimamisha juani siku sita. Nilitaka kucheka akanikataza, eti Paris hawataki mkulima anayecheka." Akaikunja upya, kwa mikunjo ileile. "Waprusi walipofika nilikimbilia huku, nikaandikisha barua. Nikaandikisha na nyingine, amani ilipokuja."

"Hazikufika."

"Sikujibiwa. Nikasema basi, jibu ndilo hilo. Ulisema nisirudi mpaka uniite."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja umbali wa kijiji, na hilo lilimuuma Gatien kuliko ukali wowote. Alisimama pale na kofia mkononi, mtu wa miaka hamsini na sita, akijua kwamba neno lolote atakalolitoa sasa litatoka limepinda. Ndipo alipomkumbuka mkewe. Aliingiza mkono kwenye begi, akatoa kile kifurushi, akakiweka juu ya ukuta wa kisima, akafungua kitambaa, akafungua jani.

Safari ilikuwa imeilainisha siagi pembeni. Juu, herufi ilikuwa bado inaonekana vizuri, imeangalia kinyume.

Armance aliitazama. Alisogea hatua moja, akainama, akaigusa kwa kile kidole kifupi, pole sana, akafuata mchoro wake kutoka juu mpaka chini. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtoto wa miaka saba aliyeegemea benchi.

"Solange hajambo?"

"Hajambo," alisema Gatien. "Anakuita." Akajaribu tena, na safari hii neno likatoka limenyooka. "Na mimi nakuita."